Inchi Ishirini na Mbili

Imeletwa ndani ya mfuko wa supamaketi,
kofia ya mabua ya ngano, rangi ya chai iliyosahauliwa,
ukingo umechanika upande wa kushoto
pale kidole gumba kilipoizoea kila ilipovuliwa.
Kamba hukatikia pabovu, ndivyo tulivyofunzwa.
Bua hukatikia pale lilipopendwa.

Luton, Jumanne, mvua ya kunyunyiza.
Karakana yetu iko ghorofani, juu ya kinyozi.
Zamani, asema Bi Odell, mtaa huu wote
ulinuka gundi na mvuke,
na mabinti waliposhuka ngazi jioni
vipande vya uzi vilikuwa vimewaganda kwenye soksi.
Sasa tumebaki wawili na birika.

Ananiuliza: unaona nini?
Naona ukili.
Sikukusudia, macho yalinitangulia:
chane saba, moja juu, mbili chini,
utepe usiozidi upana wa ukucha,
ukazungushwa kuanzia utosini kama gamba la konokono,
ukashonwa duru juu ya duru
kama mama alivyounga mkeka, kule Wete,
goti moja amelikunja, sindano mdomoni,
akizozana na redio.
Yeye ukindu wake aliulowesha kwenye kopo la maziwa.
Hawa walilowesha mabua kwa ulimi.
Bi Odell anagusa pembe ya mdomo wake:
"Bibi yangu alikuwa na kovu hapa.
Na hapa. Alianza ana miaka minne."
Kisha anatia sukari kwenye chai, hasemi zaidi.

Tunafanya kazi.
Kitambaa na maji ya vuguvugu, si ya moto,
mvuke kidogo, kama pumzi ya mtu aliyelala,
hadi bua likumbuke kwamba liliwahi kuwa mmea.
Usilivute. Lisubiri.
Rafuni zimepangwa faruma, vichwa vya mbao
visivyo na masikio wala madeni,
kila kimoja na namba yake shingoni.
Ishirini na mbili inaingia barabara.

Ndipo nafumua utepe wa ndani, ule unaokunywa jasho,
na karatasi inadondoka.
Gazeti. Limekunjwa mara sita
na mtu aliyekuwa na subira.
Bei ya viazi. Tangazo la vifungo vya lulu.
Nusu ya habari ya mbwa aliyepotea.
Napima: karatasi ilikula inchi nzima.

Kichwa hakipungui, nasema.
Bi Odell anavua miwani.
"Nywele hupungua."

Homa, labda. Au mkasi wa hospitali.
Au huzuni, ile inayoanzia mzizini.
Jina halipo, nimetafuta mpaka kwenye pindo.
Ila alitoka. Hilo karatasi inashuhudia.
Aliiona kofia yake ikimshuka machoni,
akaliendea lundo la magazeti ya kuwashia moto,
akakunja,
akajaribu, akaongeza kunjo moja,
akatoka.

Mwenye kuileta anaitaka kwa harusi ya Jumamosi.
Kichwa changu kikubwa, alisema, nimerithi kwa baba,
akacheka hadi kinyozi akasikia.
Karatasi hii itambana.
Naiweka mezani. Naiondoa mezani.
Bi Odell ananitazama kama anayesubiri mvuke.

Nashona ukingo kwa uzi uliopakwa nta,
mishono mifupi, hatua za mtu juu ya barafu.
Halafu, kabla ya kufunga utepe mpya wa nje,
naichomeka gazeti nyuma ya ua la hariri,
upande usiobana mtu,
ili nayo iende harusini.

Kwenye risiti naandika: ukingo, mvuke, utepe.
Karatasi siiandiki.
Bi Odell anasoma, anapunguza pauni tano,
anazima birika.